Alama za Wanafunzi kwa Wahadhiri Wao: Kipimo Hiki Kinapima Nini?

Kila muhula unapomalizika, wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi nyingi hupewa fomu ya maswali kuhusu mwalimu aliyewafundisha. Zamani fomu hiyo ilikuwa ya karatasi, ikagawiwa darasani na kukusanywa papo hapo. Siku hizi aghalabu hujazwa kwa kompyuta au simu, kwa njia ya mtandao. Maswali yenyewe hayatofautiani sana baina ya chuo na chuo. Je, mwalimu alieleza somo kwa ufasaha? Alisahihisha kwa haki? Alirudisha kazi za wanafunzi kwa wakati? Mwanafunzi hujibu kwa kuchagua tarakimu, kwa kawaida kuanzia 1, maana yake vibaya sana, hadi 5, maana yake vizuri sana. Jina lake haliandikwi. Kisha tarakimu zote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya waliojibu, na wastani upatikanao hupelekwa kwa mkuu wa idara.

Wastani huo si jambo dogo. Katika vyuo vingi ni mmoja wa ushahidi utazamwao pale inapoamuliwa nani apandishwe cheo, nani apewe mkataba mpya na nani aachwe. Mhadhiri wa mkataba wa muda, asiye na kinga ya cheo, aweza kukosa kazi muhula ufuatao kwa sababu ya tofauti ya sehemu chache za kumi. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo hukusanya maoni ya aina hii, na wengi wa wanafunzi wa sekondari wasomao makala haya watajaza fomu hizo miaka michache ijayo. Kwa hiyo ni haki kuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kuuliza aingiapo maabara kwa mara ya kwanza: je, chombo hiki kinapima kile kinachodhaniwa kuwa kinapimwa?

UCHAFU CHINI YA SAHANI

Kila apimaye hukosea, lakini makosa ya upimaji ni ya aina mbili, na tofauti baina yake ni ya msingi. Tuseme duka moja lina mizani mbili. Ya kwanza sindano yake hutikisika: kilo moja ya sukari mara husomeka gramu 990, mara gramu 1,010, mara 1,000 kamili. Mwenye subira akipima mara nyingi na kutafuta wastani, makosa hayo hufutana na ukweli hujitokeza. Mizani ya pili haitikisiki hata kidogo, ila imegandamana na uchafu chini ya sahani, hivyo kila kilo huonyesha gramu 1,050. Hata ikipimwa mara elfu, wastani utabaki 1,050. Tena mizani hii ya pili humdanganya mtu zaidi kuliko ile ya kwanza, maana jibu lake ni lile lile kila siku, na kitu kisichobadilika huonekana kuwa cha kuaminika.

Kosa la kwanza wanatakwimu huliita kosa la nasibu. La pili huitwa upendeleo, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kumpendelea mwingine. Darasa likiwa kubwa, kosa la nasibu hupungua. Upendeleo haupungui. Ndiyo sababu haitoshi kusema kwamba alama fulani ilitokana na wanafunzi mia tano; yafaa kwanza kujua kama kuna uchafu chini ya sahani.

Fomu za kuwapima walimu si jambo jipya. Katika miaka ya 1920, Herman H. Remmers, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, Marekani, alitunga pamoja na wenzake kipimo cha maoni ya wanafunzi kuhusu wahadhiri wao, na kwa miaka mingi iliyofuata aliendelea kukichunguza. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanafunzi wa Marekani walipodai sauti katika uendeshaji wa vyuo, fomu hizo zilienea upesi. Hapo ndipo kazi yake ilipobadilika. Maoni yawezayo kumsaidia mwalimu kurekebisha ufundishaji wake yakageuka kuwa hati ya kumhukumu, na chombo kilichofaa kwa kazi ya kwanza kikabebeshwa ya pili pasipo kupimwa upya.

MHADHIRI ASIYEKUWA NA SOMO

Jaribio la mapema lililowashtua watu lilifanywa mwaka 1970. Donald Naftulin, John Ware na Frank Donnelly, waliokuwa wakishughulika na mafunzo ya madaktari katika Chuo Kikuu cha Southern California, walimkodi mwigizaji wa sinema na televisheni aitwaye Michael Fox. Walimtambulisha mbele ya mkutano wa wataalamu wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia na wakufunzi wa ustawi wa jamii kwa jina la Dakta Myron L. Fox, bingwa wa kutumia hisabati katika kueleza tabia za wanadamu. Mada yake ilihusu nadharia ya michezo ya kihisabati na elimu ya matabibu. Mwigizaji huyo hakujua lolote juu ya mada hiyo. Alikuwa amefundishwa kuzungumza kwa uchangamfu, kutia mizaha mahali pake, na kujaza hotuba yake maneno yasiyo na maana, hoja zisizofuatana na kauli zinazopingana. Baada ya hotuba alijibu maswali kwa mtindo ule ule.

Wasikilizaji walipopewa fomu, wengi walimsifu. Hotuba iliyorekodiwa ilionyeshwa kwa vikundi vingine viwili, jumla ya watu wote ikawa 55, na sifa zikawa zile zile. Mmoja wao alifika hata kudai kwamba amewahi kusoma maandishi ya Dakta Fox. Taarifa ya jaribio ilipochapishwa mwaka 1973, wakosoaji walisema, tena kwa haki, kwamba wasikilizaji hawakupewa mtihani wowote, na kwamba maswali mengi ya fomu yalihusu namna ya kuzungumza kuliko yaliyozungumzwa. Lakini fomu nyingi za vyuo ndivyo zilivyo. Jaribio lilionyesha angalau hili: ulimi mzuri peke yake waweza kuipatia alama nzuri saa nzima isiyo na somo.

MAJINA YALIPOBADILISHANWA

Kwa muda mrefu watafiti waliona kwamba katika idara fulani wahadhiri wanawake hupata alama za chini kuliko wanaume. Jambo hilo peke yake halithibitishi upendeleo. Mtu aweza kujibu kwamba huenda wanawake hao, katika idara hiyo, kweli hawafundishi vizuri kama wenzao, au wamepewa masomo magumu zaidi, au madarasa makubwa zaidi. Ili kulikata shauri, ingebidi mwalimu mmoja afundishe somo moja mara mbili, mara ya kwanza akiwa mwanamke na mara ya pili akiwa mwanamume. Darasani haiwezekani. Mtandao ndio uliowezesha, kwa kuwa mwanafunzi asomaye kwa kompyuta huweza kumaliza kozi nzima bila kuuona uso wa mwalimu wala kuisikia sauti yake.

Lillian MacNell, Adam Driscoll na Andrea Hunt waliitumia nafasi hiyo katika kozi moja ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kozi ilikuwa na walimu wasaidizi wawili, mwanamke na mwanamume. Kila mmoja alipewa vikundi viwili vya wanafunzi. Katika kikundi cha kwanza alitumia jina lake la kweli. Katika cha pili alitumia jina la mwenzake. Hivyo kulikuwa na vikundi vinne: viwili vilivyodhani vinafundishwa na mwanamke, ingawa kimoja kilifundishwa na mwanamume, na viwili vilivyodhani vinafundishwa na mwanamume, ingawa kimoja kilifundishwa na mwanamke. Walimu walipatana kuhusu namna ya kusahihisha, na kazi za wanafunzi zilirudishwa vikundi vyote kwa wakati mmoja.

Jambo hili la mwisho lastahili kuangaliwa kwa makini, maana ni nadra katika utafiti wa aina hii kupata kitu ambacho ukweli wake wajulikana kabisa. Ufasaha wa maelezo ni vigumu kuupima, na watu huweza kubishana juu yake mpaka usiku. Lakini tarehe ya kurudisha kazi ni tarehe. Wanafunzi walipoulizwa kama mwalimu alirudisha kazi upesi, waliodhani mwalimu ni mwanamume walimpa wastani wa 4.35 kati ya 5. Waliodhani ni mwanamke walimpa 3.55. Kazi zilirudi siku ile ile. Tofauti ya 0.8 haikutoka katika kalenda bali katika jina. Na mwelekeo huo ulionekana pia katika maswali kuhusu haki, heshima, uchangamfu na weledi wa kazi.

Msomaji makini atauliza idadi ya wanafunzi, na hapo ndipo udhaifu wa jaribio ulipo: majibu yaliyopigiwa hesabu yalikuwa 43 tu. Je, tofauti hiyo haiwezi kuwa imetokea kwa bahati?

Kuna njia ya kulijibu swali hili isiyohitaji fomula ngumu, nayo yafaa kufundishwa hata sekondari. Tuseme jina halikuwa na athari yoyote. Basi kila mwanafunzi angetoa alama ile ile aliyoitoa hata kama angeangukia katika kikundi cha jina jingine. Andika alama zote katika vikaratasi, kila moja katika kikaratasi chake, zitie katika kapu, uzichanganye, kisha uzigawe upya katika mafungu mawili yenye idadi sawa na ya awali. Tafuta wastani wa kila fungu na tofauti ya wastani hizo. Rudia mara elfu kadhaa, kazi ambayo kompyuta huifanya kwa nukta chache. Hatimaye hesabu ni mara ngapi kapu peke yake, pasipo upendeleo wowote, lilitoa tofauti kubwa kama ile iliyoonekana kweli. Ikiwa ni mara nyingi, hapana la kushangaza. Ikiwa ni mara chache mno, mathalani chini ya 5 katika kila 100, ile dhana ya kwamba jina halina athari huanza kuyumba.

Anne Boring, Kellie Ottoboni na Philip Stark walitumia hesabu ya namna hii katika utafiti uliotolewa mwaka 2016. Walizichunguza upya takwimu za North Carolina, kisha wakaongeza takwimu za chuo kikuu kimoja cha Ufaransa: fomu 23,001, zilizojazwa na wanafunzi 4,423 wa mwaka wa kwanza kuhusu walimu 379, katika masomo sita ya lazima. Waligundua kwamba upendeleo kwa wanaume upo pande zote mbili, na kwamba huonekana hata katika maswali ambayo hayakutarajiwa kuathirika. Huko Ufaransa, wanafunzi wa walimu wanaume hawakufanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho, ijapokuwa walimu hao walipata alama kubwa zaidi.

Ajabu zaidi ni mahali upendeleo ulipotoka. Ufaransa, waliowapa walimu wanaume alama za juu hasa walikuwa wanafunzi wanaume. Marekani, hasa walikuwa wanafunzi wanawake. Tena kiasi chake kilibadilika kutoka somo hadi somo. Matokeo haya hubomoa dawa ambayo wakuu wa vyuo hupenda kuipendekeza, yaani kumwongezea kila mhadhiri mwanamke sehemu fulani ya alama ili mizani ikae sawa. Uchafu wa gramu 50 ungeweza kutolewa kwa hesabu kama ungekuwa gramu 50 siku zote. Huu hubadilika kwa kutegemea ni nani anayepima, na ni somo gani linalopimwa.

Katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, wanafunzi wa uchumi na biashara hugawiwa katika vikundi kwa nasibu, jambo ambalo kwa mtafiti ni zawadi kubwa. Friederike Mengel, Jan Sauermann na Ulf Zölitz walichunguza fomu 19,952 za chuo hicho na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Wanawake walipata alama pungufu, hasa wale vijana walioanza kazi karibuni, na hasa katika masomo yenye hisabati. Wanafunzi wao hata hivyo hawakusoma kwa saa chache zaidi wala hawakupata maksi mbaya zaidi. Katika fomu hiyo mlikuwa pia na swali kuhusu vitabu na maandishi ya kozi. Vitabu vilikuwa vile vile kwa vikundi vyote. Hata hivyo vilipewa alama ndogo zaidi pale mwalimu alipokuwa mwanamke.

MASIKIO YANAYOONA

Jinsia siyo mlango pekee. Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alieleza mwaka 1992 jaribio alilolifanya kwa wanafunzi 62. Aliwasikilizisha mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya msemaji mmoja, mzaliwa wa Marekani, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, wakaambiwa kuwa ndiye msemaji; wengine wakaonyeshwa picha ya mwanamke mwenye asili ya Asia. Waliotazama picha ya pili walidai kusikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwamo katika ukanda. Zaidi ya hayo, walipopewa jaribio la kupima kiasi gani wameelewa, walipata maksi chache zaidi. Macho yaliyafunga masikio. Kwa mhadhiri aliyetoka nchi nyingine, au hata mkoa mwingine, hilo ni jambo la kutafakari: mwanafunzi asemaye kwamba hakumwelewa huenda anasema kweli, na bado kosa lisiwe katika matamshi ya mhadhiri.

Yako pia mambo madogo yanayochekesha. Katika Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, wanafunzi 118 wa udaktari waligawanywa kwa nasibu katika vikundi 20 vya somo la tiba ya dharura. Vikundi 10 viliwekewa gramu 500 za biskuti za chokoleti. Vikundi vilivyokula biskuti viliwapa walimu alama za juu zaidi, na kuyasifu hata maandishi ya somo; taarifa ilichapishwa mwaka 2018. Na huko Milano, Italia, Michela Braga na wenzake waliotafiti katika Chuo Kikuu cha Bocconi walikuta kwamba siku za mvua na baridi alama za walimu hushuka. Hakuna ajuaye fomu ya chuo iliyo na nafasi ya kujaza hali ya hewa.

UTAMU NA FAIDA

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, haihusu biskuti. Ni ile ya kama mwanafunzi aweza kutambua, siku ile ile, kwamba amejifunza.

Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kilichoko Colorado, huwapanga wanafunzi wake madarasani kwa nasibu, wala mwanafunzi hachagui mwalimu. Wote hufanya mtihani mmoja, na masomo mengi yana mwendelezo wa lazima: aliyesoma kalkulasi ya kwanza lazima asome na ya pili. Scott Carrell na James West walizitumia kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 10,000 kufuatilia walimu wa somo la kwanza waliacha nini vichwani mwa wanafunzi wao walipofika somo la pili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaligeuza mambo juu chini. Walimu ambao wanafunzi wao walipata maksi nzuri katika somo la kwanza walisifiwa sana katika fomu. Lakini wanafunzi hao hao, kwa wastani, walifanya vibaya zaidi katika masomo yaliyofuata. Walimu wenye uzoefu na elimu ya juu zaidi waliwaletea wanafunzi maksi za chini kidogo mwanzoni, wakapewa alama ndogo, na mavuno yao yakaonekana mwaka uliofuata, katika darasa la mtu mwingine. Uchunguzi wa Bocconi, uliochapishwa mwaka 2014, nao ulionyesha kwamba walimu waliowafaa wanafunzi zaidi kwa masomo ya baadaye walipata alama za chini.

Sababu moja yumkini imeonyeshwa na Louis Deslauriers na wenzake katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2019. Wanafunzi waligawanywa kwa nasibu. Baadhi walisikiliza mhadhara mzuri uliotiririka. Wengine walipewa maswali yale yale wayahangaikie katika vikundi vidogo kabla ya kuelezwa. Waliohangaika walijifunza zaidi, kama mtihani ulivyoonyesha, lakini wenyewe waliamini kuwa wamejifunza kidogo. Kuhangaika huleta hisia ya kushindwa, na mhadhara laini huleta hisia ya kuelewa. Mwalimu wa hisabati wa sekondari ambaye darasa lake lilimwambia kwamba mwenzake wa mkondo wa B anafundisha vizuri zaidi kwa sababu anatoa majibu yote ubaoni, atakuwa amelijua jambo hili kitambo.

WANAOITETEA FOMU

Si wataalamu wote wanaozikataa alama hizi. Herbert Marsh, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi huko Australia, alishikilia kwamba fomu zilizotungwa vizuri hutoa majibu yanayofanana mwaka hadi mwaka, na kwamba hugawanya ufundishaji katika sehemu zake badala ya kuuchukulia kama kitu kimoja. Peter Cohen naye, mwaka 1981, alikusanya tafiti nyingi za kozi zenye vikundi kadhaa na mtihani mmoja, akapata uhusiano wa 0.43 baina ya alama za walimu na ufaulu, kiasi ambacho si cha kudharauliwa. Kwa miaka zaidi ya 30 tarakimu hiyo ilikuwa ngao ya watetezi. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake, wa Kanada, waliurudia mkusanyo huo na kuongeza tafiti mpya. Waliona kwamba uhusiano mkubwa ulitokana na tafiti ndogo zenye vikundi vichache, na kwamba tafiti kubwa zilipopewa uzito wake, uhusiano ulikaribia kutoweka. Kuhusu kufanana kwa majibu mwaka hadi mwaka, msomaji na aikumbuke ile mizani ya pili.

Hata hivyo kuna mambo ambayo mwanafunzi ndiye shahidi bora, wala hapana mwingine awezaye kuyaona. Yeye ndiye ajuaye kama mwalimu alifika darasani au alikuwa mtoro, kama sauti yake ilifika viti vya nyuma, kama maandishi ya ubaoni yalisomeka, kama aliwatukana. Kumnyamazisha shahidi huyu kungekuwa dhuluma ya aina nyingine. Tatizo huanza pale ushahidi wake unapogeuzwa kuwa tarakimu moja yenye desimali mbili. Alama 4, 4, 4 na 4 zina wastani wa 4. Alama 5, 5, 5 na 1 pia zina wastani wa 4, lakini madarasa hayo mawili yana habari tofauti kabisa. Na tangu fomu zilipohamia mtandaoni, tatizo jingine limekua: wanaojibu ni wachache kuliko wakati wa karatasi. Wakijibu 25 katika darasa la 100, hakuna ajuaye wale 75 waliokaa kimya wangesema nini, na haifai kudhani kwamba wangesema kama wenzao.

Baadhi ya vyuo vimeanza kutafuta njia. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, watafiti walitia juu ya fomu maelezo mafupi yanayowatahadharisha wanafunzi kuhusu upendeleo wasiokusudia; matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wahadhiri wanawake walipata alama za juu zaidi kwa waliosoma maelezo hayo, na alama za wanaume hazikubadilika. Lauren Rivera na András Tilcsik, mwaka huo huo, walieleza habari za chuo kimoja cha Amerika ya Kaskazini kilichobadili kipimo chake kutoka alama 10 hadi alama 6. Katika fani zilizojaa wanaume, pengo baina ya wanaume na wanawake lilipotea. Maelezo yao ni kwamba 10 katika fikra za watu ni namba ya ukamilifu, na wanafunzi walisita kumvika mwanamke taji hilo. 6 haina taji. Kubadili tarakimu ya mwisho tu ya fomu kulibadili hukumu juu ya watu.

Huko Toronto, Kanada, shauri lilifika kwa msuluhishi. Chama cha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Ryerson, ambacho tangu mwaka 2022 huitwa Toronto Metropolitan, kilipinga matumizi ya alama hizo. Mwezi Juni 2018 msuluhishi William Kaplan, baada ya kusikiliza ushahidi wa wataalamu, miongoni mwao Stark aliyetajwa hapo juu, aliamua kwamba chuo kisizitumie kupima ubora wa ufundishaji pale mhadhiri anapofikiriwa kupandishwa cheo au kuthibitishwa kazini. Maoni ya wanafunzi yaliendelea kukusanywa.

JARIBIO LA KUFANYWA SHULENI

Shule yoyote yaweza kufanya jaribio dogo la aina hii, kwa idhini ya mkuu wa shule. Mwalimu atayarishe maelezo ya ukurasa mmoja juu ya mada isiyojulikana na darasa, mathalani jinsi jokofu linavyopoza, na ayatoe nakala 40. Juu ya nakala 20 aandike kwamba mtungaji ni Bw. Juma, na juu ya 20 nyingine kwamba ni Bi. Rehema, mengine yote yawe sawa, hata aina ya karatasi. Nakala zichanganywe kama karata kabla ya kugawiwa, wala mgawaji asijue ampa nani ipi. Kila mwanafunzi asome kimya kwa dakika 10, kisha atoe alama kati ya 1 na 5 kuhusu ufasaha wa maelezo, na ajibu maswali matano ya kupima alichoelewa.

Tafuta wastani wa alama za kila fungu, na tofauti yake. Kisha tumia kapu la vikaratasi lililoelezwa hapo juu. Darasa likijigawa katika vikundi vinane, na kila kikundi kikichanganya na kugawa mara 25, kutapatikana tofauti 200, ambazo zaweza kuchorwa katika grafu ya mihimili ubaoni, na tofauti iliyopatikana kweli ikawekwa alama kwa chaki ya rangi. Baada ya hapo wanafunzi waambiwe siri ya majina. Tofauti ikiwa si kitu, matokeo yaandikwe vile vile na kuhifadhiwa, kwa maana darasa la mwaka ujao litayahitaji kulinganisha na yake.